Sala ya Mezani Katika Mji Wenye Njaa

Kati ya nyimbo za shukrani za Kikristo, chache zimeenea kama wimbo wa Walutheri wa Ujerumani, "Nun danket alle Gott" (Sasa mshukuruni Mungu nyote). Kwaya kubwa huuimba kwenye ibada za kitaifa, lakini ulianza kama sala fupi ya mezani. Mchungaji Martin Rinkart wa Eilenburg, mji mdogo karibu na Leipzig, aliitunga kwa ajili ya familia yake, ya kumshukuru Mungu baada ya kula. Kufikia mwaka 1636 ilikwisha kuchapishwa, na Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeitesa nchi kwa miaka 18.

Wengi husimulia kwamba aliitunga mwaka 1648, kusherehekea amani iliyomaliza vita hivyo. Simulizi hiyo inapendeza, ila inalipunguzia jambo uzito wake. Aliyeokoka hatarini hushukuru bila kufundishwa na mtu. Rinkart alishukuru vita vikiendelea, na msiba mkubwa kuliko yote ukiwa bado haujamfika.

Mtoto huyu wa fundi mapipa alizaliwa Eilenburg mwaka 1586, akarudi kuhudumu hapo mwaka 1617. Kwa kuwa mji ulizungukwa na ukuta, vita vilipopamba moto wakimbizi walimiminika humo na kubanana. Mwaka 1637 tauni ikaingia. Msimamizi wa wachungaji aliondoka, wachungaji wengine wawili wakafa, akabaki Rinkart peke yake. Kuna siku alizika watu 40 hadi 50. Kwa jumla aliongoza mazishi ya watu wapatao 4,480, na mwezi Mei mkewe, Christine, akawa miongoni mwa waliofariki. Tauni ikafuatiwa na njaa kali, hata watu wakapigania barabarani mzoga wa paka au kunguru.

Basi, mtu kama huyo alikuwa na nini cha kushukuru? Sala yenyewe, iliyojengwa juu ya maneno ya sura ya 50 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, inataja uhai aliopewa mtu tangu tumboni mwa mama yake, na mema yasiyohesabika aliyotendewa tangu utoto. Kisha inaomba moyo wa furaha na amani. Ghala lililojaa halimo, wala fedha, wala ushindi vitani.

Mtume Paulo alikuwa ametangulia katika njia hiyo. Alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni, na sehemu ya barua ni shukrani kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa mjumbe wao Epafrodito. Humo anasema amejifunza kuridhika, awe na vingi au apungukiwe. Ushuhuda huo unatia moyo sana: hata mtume hakuzaliwa ameridhika, bali alifundishwa na maisha. Familia ya Rinkart nayo ilikuwa na somo lake mezani, mlo baada ya mlo, na tauni ilipobisha hodi sala tayari ilikuwapo.

Lakini mafundisho haya hupotoshwa mara nyingi. Maskini huambiwa aridhike na kushukuru, na anayemwambia ameshiba. Ametafutiwa dini ya kumnyamazisha, wakati Injili haikuletwa kwa kazi hiyo. Maisha ya Rinkart yanalikataa jambo hilo waziwazi. Yeye aliridhika na kidogo chake mwenyewe, wala hakuwataka wenye njaa waridhike na njaa yao. Aliwagawia alichokuwa nacho hadi akalazimika kuweka rehani mapato yake ya miaka ya mbele, ili wanawe wapate chakula na nguo.

Kisha, katika vita hivyo hivyo, jeshi la Sweden likadai thaler 30,000, fedha za wakati huo, kutoka kwa mji uliokwisha kufilisika. Rinkart alikwenda mwenyewe kambini kumsihi kamanda apunguze, akakataliwa. Hakurudi nyumbani kukubali yaishe. Aliwaambia waumini kwamba, kwa kuwa wanadamu wamekataa kuwasikiliza, wamwendee Mungu, akapiga magoti pamoja nao wakaomba na kuimba. Kamanda alibadili msimamo, na dai likashuka hadi gulden 2,000.