SIMU YA BEI NAFUU NA USHAHIDI WA KAZI YAKO



Siku hizi si ajabu kumwona mchuma chai akiipiga picha karatasi yake ya mizani kabla hajaitia mfukoni, au mwenzetu wa kiwandani akipiga picha ya orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Jambo hili ni jema. Ugomvi wa kilo na wa saa za ziada aghalabu humwendea vizuri mwenye karatasi, na karatasi nyingi hubaki ofisini. Lakini wengi wetu tumenunua simu pasipo kuelezwa inavyofanya kazi, na siku ya haja picha hazionekani. Kwa hiyo tumeonelea tueleze simu ya bei nafuu ya Android ilivyo, na mambo ya kuangaliwa na mtu anayeitegemea kutunza ushahidi wa kazi yake.

Android ni mfumo wa Google unaoendesha simu za makampuni mengi, za bei kubwa na za bei ndogo. Mwishoni mwa mwaka 2017 Google ilitoa aina yake nyepesi, iitwayo Android Go, kwa ajili ya simu zenye RAM ya gigabaiti 1 au pungufu. Baadaye masharti yalipanda: kuanzia Android 13 ya mwaka 2022, simu ya aina hiyo ilitakiwa iwe na RAM ya gigabaiti 2 angalau, na hifadhi ya gigabaiti 16. Simu nyingi za itel na Tecno za bei ya chini ni za namna hii.

Hapo kuna maneno mawili ambayo wauzaji huyachanganya. RAM ni kama meza ya kufanyia kazi. Hifadhi ni kama ghala. Meza ikiwa ndogo, simu haiwezi kufungua mambo mengi kwa wakati mmoja. Ukiwa katikati ya kujaza fomu, kisha ukaenda kusoma ujumbe, ukirudi waweza kukuta fomu imefutika na uanze upya. Huo si ubovu wa simu. Mfumo wenyewe umeondoa kazi ya kwanza mezani ili kuipisha ya pili. Dawa yake ni kumaliza jambo moja kabla ya kuanza jingine. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitasafisha simu na kuongeza kasi hazisaidii kitu. Nazo pia zinakaa juu ya meza ile ile.

Ghala ndilo lenye hatari zaidi. Simu iliyoandikwa gigabaiti 16 kwenye boksi haikupi zote 16, kwa maana mfumo wenyewe umekwisha kuchukua sehemu kubwa. Kinachobaki hujazwa upesi, na anayekijaza si wewe. Ni video za harusi, mahubiri na vichekesho vinavyotumwa katika makundi ya WhatsApp, ambavyo simu huvishusha yenyewe na kuviweka, hata kama hukuvitazama. Ghala likijaa, kamera hukataa kupiga picha, na mwenye simu huanza kufuta kwa haraka asiangalie anachofuta. Mwenzetu mmoja wa shamba la chai alifuta hivyo picha za karatasi za mizani za miezi minne, akidhani ni picha za kundi la kanisa.

Basi ingia katika mipangilio ya WhatsApp, mahali pa hifadhi na data, uzuie picha na video zisishuke zenyewe. Utashusha unayoitaka kwa kuigusa. Hata bando litadumu zaidi. Na kama majina ya Kiingereza yanakupa taabu, simu za Android zaweza kugeuzwa lugha ziwe kwa Kiswahili, nako ni huko huko kwenye Mipangilio ya simu. Baadhi ya maneno yaliyotumika ni magumu kidogo, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Jambo la pili ni memori kadi. Ikiwa simu yako ina nafasi yake, nunua kadi, hata ndogo. Ukiitia mara ya kwanza, baadhi ya simu huuliza: je, kadi hii iwe ya kuhamishika, au iwe sehemu ya hifadhi ya simu? Hapa wengi hukosea. Ukichagua iwe sehemu ya simu, kadi hufungwa kwa siri ya simu hiyo, na simu ikifa au ikiibwa, kadi haisomeki kwingine. Ukichagua iwe ya kuhamishika, waweza kuitoa na kuisoma katika simu ya jirani au kompyuta ya ofisi ya tawi. Kwa kutunza ushahidi, chagua hiyo ya kuhamishika, kisha uiambie kamera iweke picha kwenye kadi. Angalia pia kwamba simu inachukua tarehe na saa kutoka mtandaoni, maana picha yenye tarehe ya uongo itakugeukia mbele ya meneja.

Tena kuna suala la akaunti ya Google. Unaponunua simu, kijana wa dukani hukufungulia akaunti kwa hisani yake, anatunga neno la siri, nawe unaondoka bila kulijua. Miezi hupita salama. Kisha siku moja unasahau namba ya kufungulia kioo, fundi anaifuta simu kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, na simu inaamka ikidai akaunti ile ile ya kwanza. Kinga hii iliingizwa katika Android mwaka 2015 ili kuwakomesha wezi, lakini inamkamata pia mwenye mali asiyejua akaunti yake. Kwa hiyo, kabla hujatoka dukani, neno la siri litunge wewe mwenyewe, uliandike katika daftari la nyumbani pamoja na jina la akaunti.

Kuhusu programu za mikopo tutasema machache. Kila programu inapotaka kuona majina na namba ulizoweka katika simu, sharti ikuombe ruhusa, nawe una haki ya kukataa. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo katika duka lake la Play kugusa namba za watu na picha za mkopaji. Programu unayotumiwa kwa kiungo cha ujumbe haipiti katika duka hilo, na katazo hilo halikulindi.

Linalotusumbua zaidi ni simu za kulipia kidogo kidogo. Simu hizi huja na programu ya muuzaji ambayo huwezi kuiondoa, na malipo yakichelewa simu hufungwa kutoka mbali. Kwa kawaida waweza kupiga simu ya dharura, lakini mengine mengi yanazuiliwa. Sasa tazama mambo yanavyofuatana. Mwajiri anachelewesha mshahara. Mfanyakazi anakosa kulipa kwa muuzaji. Simu inafungwa. Na ndani ya simu hiyo ndimo zilimo picha za kilo na zamu ambazo angezitumia kudai mshahara uliocheleweshwa!

Kabla hujatia sahihi mkataba wa namna hiyo, muulize muuzaji: baada ya kukosa malipo siku ngapi ndipo simu inafungwa, nini kinabaki kufanya kazi, na je, picha zangu nitaziona? Majibu yaandikwe. Na kila Jumamosi, baada ya mizani ya mwisho, zinakili picha za wiki kwenye kadi ya kuhamishika, au umtumie katibu wa tawi zikae kwake pia. Asiye na kadi wala bando aandike kilo zake katika daftari, siku kwa siku, na nyapara akikubali, aweke sahihi pembeni.