Je, Kuna Ukweli Kuhusu Chama cha Siri cha Kubuni?



Vijana wengi parokiani, na hata baadhi yetu seminarini, wanaufahamu mchezo wa kompyuta uitwao Assassin's Creed. Kampuni ya Ubisoft iliutoa mwaka 2007, na tangu hapo matoleo yamefuatana. Hadithi yake inahusu makundi mawili ya siri yanayopambana karne hata karne: Waasasini, wanaodai kutetea uhuru wa watu, na Matempla, wanaotaka kuitawala dunia ili iwe na utulivu. Toleo la kwanza limewekwa katika Nchi Takatifu mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba.

Hadithi imekuwa ndefu kiasi kwamba mashabiki wameitungia ensaiklopidia. Wahariri wake ni watu wa kujitolea, nao hubishana kwa bidii: nani alianzisha nini, mwaka gani, na tunajuaje? Mtu atauliza kuna faida gani kubishania chama ambacho hakijawahi kuwapo. Naona ipo, hasa kwetu tunaojifunza kufikiri.

Udugu ulianza lini?

Tuchukue mfano mmoja. Toleo la pili, la mwaka 2009, lina chumba chenye sanamu za Waasasini mashuhuri wa kale. Mmoja wao ni Darius, ambaye kwa mujibu wa mchezo alimuua Mfalme Xerxes wa Uajemi mwaka 465 K.K. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba udugu huo ulikuwapo tangu zama hizo. Mwaka 2017 likatoka toleo la Origins, likionyesha kwamba waanzilishi ni Bayek na mkewe Aya, huko Misri enzi za Kleopatra, yaani karne nne baadaye. Sasa tushike lipi?

Swali kama hili haliamuliwi kwa kura wala kwa sauti kubwa. Linahitaji kutofautisha. Kutumia silaha fulani ni jambo moja, kuanzisha chama ni jambo lingine. Nyongeza ya toleo la Odyssey, la mwaka 2018, iliipa nguvu tofauti hiyo: Darius anaonekana akitumia kisu cha kuficha mkononi kabla ya wengine wote, lakini udugu wenyewe ni kazi ya Bayek na Aya. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Darius ni lele. Ngoma ilipigwa Misri.

Tazama njia iliyotumika. Kila dai linadaiwa chanzo. Mchezo wenyewe una uzito kuliko maoni ya shabiki. Vyanzo viwili vikigongana, kwanza hutafutwa maana ambamo vyote viwili vinaweza kusimama. Anayesoma Mtakatifu Thoma wa Akwino ataitambua njia hii: weka pingamizi mezani, tofautisha, kisha jibu.

Hata neno wanalotumia kwa vyanzo vinavyokubalika, "kanoni", wameliazima Kanisani. Miongoni mwa waliochangia mtindo huo ni Ronald Knox, ambaye mwaka 1911, akiwa bado Mwanglikana, alizichambua hadithi za Sherlock Holmes kana kwamba ni Maandiko, kwa kuwatania wataalamu wa Biblia wa wakati wake. Mwaka 1917 aliingia Kanisa Katoliki, kisha akawa padre.

Mtu mmoja, vifo viwili

Robert de Sablé alikuwa mtu halisi, Mkuu wa shirika la Matempla, na alifariki mwaka 1193. Katika mchezo anauawa kwenye mapigano ya Arsuf mwaka 1191. Mhariri mwangalifu huandika yote mawili, akitaja lipi ni la hadithi na lipi ni la historia. Hapo hakuna mkanganyiko, kwa sababu maswali ni mawili.

Mwanafalsafa David Lewis, katika makala ya mwaka 1978, alieleza kwamba tukisema jambo kuhusu hadithi ya kubuni, mara nyingi tunaacha bila kuyatamka maneno "katika hadithi hiyo". Tumejifunza darasani kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu. Anayesema "Bayek alianzisha udugu" analinganisha akili yake na mchezo uliotungwa. Anayesema "de Sablé alifariki 1193" anailinganisha na yaliyotukia. Hatari huja pale maneno yale matatu yanaposahaulika.

Papa ndani ya mchezo

Katika toleo la 2009, Mkuu wa Matempla ni Rodrigo Borgia, yaani Papa Aleksanda VI. Kijana anaweza kumfikia katekista na swali: "Kumbe Papa aliwahi kuongoza chama cha siri?"

Historia haimtetei Aleksanda VI katika yote. Alikuwa na watoto, na aliwapendelea ndugu zake kwa vyeo. Lakini shirika la Matempla lilivunjwa na Papa Klementi V mwaka 1312, na Rodrigo Borgia alizaliwa mwaka 1431. Hakukuwa na shirika la kuongoza. Toleo la kwanza lenyewe hufungua kwa tangazo kwamba ni kazi ya kubuni.

Kijana huyo hastahili kukaripiwa. Aulizwe kwa upole: "Ni katika mchezo au katika historia? Na umejuaje?" Maswali hayo mawili yatamfaa hata nje ya mchezo. Simu zetu hubeba habari nyingi za vyama vya siri: fulani amejiunga, fulani ametoa kafara, utajiri wa yule una siri. Ukidai chanzo, unajibiwa kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa neno hilo jirani huvunjiwa heshima yake, na amri ya nane inavunjwa bila mtu kushtuka.

Wahariri wale wasingepokea methali hiyo kama ushahidi, hata kwa mtu wa kubuni ambaye hana jina la kuchafuliwa. Ajabu ni kwamba kaulimbiu ya Waasasini wao inakana kuwapo kwa ukweli wowote, lakini mashabiki hawawezi kubishana hata dakika moja bila kukubali kwamba kuna jibu sahihi na jibu lisilo sahihi.

Ikiwa Darius anatafutiwa chanzo kabla ya kuandikwa, jirani yetu aliye hai anastahili zaidi. Safari ijayo ujumbe wa namna hiyo ukifika kwenye kundi la jumuiya, tuulize kwanza umetoka wapi. Asipopatikana wa kujibu, tusiupeleke mbele.