Daftari mbili, kosa moja

Katika mji wa Busia mpaka ni mwendo wa miguu, na vitabu vya shule huuvuka pamoja na sabuni na mahindi hata kufika vijijini kama Bulumbi. Hilo si neno. Neno huanza pale mwanafunzi anaponakili ukurasa mzima na kuutia jina lake.

Mwalimu mwangalifu hakosi kumtambua. Insha isemayo kwamba wazee wa Bulumbi wamepeleka ombi la maji kwa gavana wa kaunti imejifichua yenyewe, kwa kuwa gavana ni wa Busia ya Kenya. Busia ya Uganda, iliyotengwa na Tororo mwaka 1997, ni wilaya yenye mwenyekiti wake. Hali kadhalika bei ya jembe ikiwa ndogo mno, yafaa kuuliza ni shilingi za nchi gani, maana moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda.

Zamani hila hiyo ilimpatia mtoto alama za zoezi tu. Sivyo sasa. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, kazi azifanyazo shuleni kabla ya mtihani, pamoja na miradi, huchukua asilimia 20 ya matokeo, na mtihani wa UNEB asilimia 80. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani mwaka 2024. Basi ukurasa wa wizi waweza kuingia hata ndani ya cheti.

Ushahidi wenye nguvu ni kosa. Madaftari mawili yakiwa na jibu moja lililo sahihi hayathibitishi lolote. Tano mara sita ni thelathini kwa kila mtu. Lakini yote mawili yakikosea jina la mto Malaba kwa herufi ile ile, au yakiruka mstari ule ule, hapo pana jambo. Hata hivyo kosa halisemi nani alimwibia nani. Waitwe wote wawili, kila mmoja peke yake, waulizwe: bustani ilipimwa lini, na nani aliishika kamba? Aliyeishika atakumbuka na matope.

Mara nyingine mwizi ni mzazi mwenye huruma. Baba polisi akimwandikia mwanawe habari za mradi wa sabuni, maandishi hutoka kama taarifa ya kituoni, saa na dakika zikiwa mahali pake, ila mtoto hayumo.

Nchi za mbali hutumia mitambo. Turnitin, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, hulinganisha kazi na maandishi mengi yaliyohifadhiwa, lakini haina msaada mkubwa kwa daftari la kalamu. Mitambo ya kutambua maandishi yaliyotungwa na kompyuta inatia shaka zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidhaniwa kuwa za kompyuta, hali zilikuwa zimeandikwa na binadamu. Mtoto wa Kisamia au wa Kiteso, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya pili au ya tatu, angehukumiwa vivyo hivyo bila kosa.

Jamaa za askari wana sababu ya kujihadhari zaidi. Baba akihamishwa kutoka kambi ya Rubongi kwenda mbali, mtoto hukaa mbele ya mwalimu asiyejua mwandiko wake wala kiwango chake. Akiandika vizuri ghafla, atashukiwa. Kumtangaza mwizi mbele ya shule nzima kabla ya kumwuliza ni dhuluma, na mzazi ana haki ya kuomba mtoto asikilizwe kwanza.

Kwa hiyo siku ya kufungasha mizigo, madaftari ya zamani yatangulie sufuria. Nakala ya kwanza ya kila kazi, yenye mistari iliyofutwa na madoa ya chai, isitupwe. Hiyo ndiyo itakayomsemea mtoto.