Vifurushi: gharama iko mlangoni

Mpaka mwisho wa 1912, mkulima wa Marekani aliyeagiza buti na sufuria kutoka Chicago alifunga safari hadi stesheni ya reli kuchukua mzigo wake. Posta ya nchi yake haikupokea kifurushi kinachozidi paundi 4, yaani pungufu kidogo ya kilo 2. Kilichozidi hapo kilikuwa riziki ya kampuni binafsi: Adams, American Express, Wells Fargo na wenzao, katika biashara iliyoanza 1839 pale William Harnden alipoanza kubeba mizigo ya watu kwa treni na meli kati ya Boston na New York.

Mjini kampuni hizo zilifikisha mzigo hadi nyumbani. Shambani hazikwenda, kwa kuwa safari ya kumpelekea mtu mmoja kifurushi kimoja ilimeza faida yote. Lakini tangu 1896 posta ilikuwa imeanza kuwafikishia wakulima barua bila malipo ya ziada. Mkokoteni wake ulipita mlangoni ukiwa na nafasi tele, lakini sheria iliukataza kubeba kinachozidi paundi 4. Kichekesho zaidi, mikataba ya posta na mataifa mengine ilimruhusu Mmarekani kutuma ng'ambo kifurushi cha paundi 11 kwa senti 12 kila paundi, ilhali akimtumia Mmarekani mwenziwe alitozwa senti 16.

Aliyenufaika na hali hiyo hakuwa mbali na bunge. Thomas Platt, seneta wa New York, alikuwa pia rais wa kampuni ya United States Express. Wenye maduka wa miji midogo nao walipinga, wakihofia kuporwa wateja na Sears, Roebuck na Montgomery Ward, waliouza kwa katalogi. Hofu yao, kwa maoni yangu, ilikuwa na msingi kuliko hoja zote za seneta.

Huduma ya vifurushi ilianza tarehe 1 Januari 1913. Katika miezi sita ya kwanza vilitumwa takriban milioni 300. Mwaka uliofuata kikomo cha uzito kilishafika paundi 50, na 1916 mfanyabiashara mmoja akajenga benki mjini Vernal, Utah, kwa matofali yaliyotumwa kwa posta, tani kama 40, yakiwa yamefungwa katika mafungu ya chini ya paundi 50. Stempu zilikuwa rahisi kuliko nauli ya wabeba mizigo, maana posta ilitoza kwa umbali wa ramani bila kujali ubaya wa barabara. Baada ya hapo mtumaji aliwekewa kikomo cha paundi 200 kwa siku.

Kampuni za zamani hazikupona. Mwaka 1918, wakati wa vita, shughuli zao za mizigo ziliunganishwa kuwa kampuni moja. American Express ilibaki na hundi za wasafiri na biashara ya fedha. Waliofanikiwa baadaye walichagua kona yao. Jim Casey, aliyeanza Seattle 1907 akiwa na miaka 19 na dola 100 za mkopo, alijenga UPS kwa kusambaza bidhaa za maduka makubwa ya mjini, ambako mtaa mmoja ulipokea vifurushi vingi. FedEx iliuza muda: usiku wake wa kwanza, Aprili 1973, ndege 14 zilibeba vifurushi 186 kutoka Memphis, na hasara ikaendelea kwa miaka. Hata wakubwa hawa wawili walikuja kuikabidhi posta vifurushi vyepesi ivifikishe majumbani.

Afrika Mashariki tulirithi sanduku la posta, si mkokoteni wa mlangoni. Nafasi hiyo ikachukuliwa na mabasi, ambayo yanasafiri hata hivyo. Mzigo wa Dar es Salaam kwenda Mwanza huandikwa jina na namba ya simu, stakabadhi ikapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Kutoka stendi hadi nyumbani ni kazi ya bodaboda, kwa bei ya maelewano, na anayelipa ni mpokeaji. Tanzania ilibandika namba za nyumba mwaka 2022, lakini bodaboda bado anapiga simu kuuliza njia, na muda huo haumo kwenye nauli iliyolipwa kule basi lilikotoka.