Kwa Nini Dhahabu ya Australia Haijaisha

Wajukuu zangu, tarehe 5 Februari 1869, mchimbaji mmoja aitwaye John Deason alikuwa akipiga sururu karibu na mizizi ya mti, mahali paitwapo Moliagul, katika koloni la Victoria kule Australia. Sururu ikagota. Akadhani ni jiwe, akapiga pembeni, ikagota tena. Alipofukua udongo akakuta donge la dhahabu ambalo hata leo hakuna kubwa zaidi lililowahi kuandikwa. Lilikuwa limefukiwa sentimita chache tu. Kuku angelichakura.

Deason akamwita mwenzake, Richard Oates. Wakalibeba kwa siri, wakalitia motoni ili mawe yaliyoling'ang'ania yapasuke, kisha wakalipeleka benki katika mji wa Dunolly. Mizani ya benki haikuliweza! Ikabidi aitwe mhunzi alikate vipandevipande juu ya fuawe. Dhahabu safi iliyopatikana ilizidi kilo 70. Na katika shughuli hiyo yote hakuna aliyekumbuka kulipiga picha, kwa hiyo michoro na sanamu zake mnazoweza kuziona leo zilitengenezwa kwa kukumbuka tu.

Sasa nawauliza. Kufikia mwaka 1869, Victoria ilikuwa imechimbwa miaka 18. Maelfu ya watu walikuwa wamepita na sururu, makarai na njaa ya utajiri. Walilirukaje donge lile?

Kwanza mjue dhahabu hufikaje juu. Zamani sana, maji ya moto kutoka chini kabisa ya ardhi yalipenya katika nyufa za miamba, yakaacha humo mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe kama chumvi ya mawe, na ndani yake dhahabu. Jua, mvua na upepo vikaumomonyoa mwamba polepole. Mwamba ukawa mchanga ukachukuliwa na maji, lakini dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, haibebeki kirahisi. Ikabaki karibu na ilipozaliwa, ikizama katika makorongo na nyufa. Haina foleni wala mpangilio. Shimo moja lina kilo, la jirani yake halina kitu.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1851. Edward Hargraves, aliyekuwa ametoka kujaribu bahati yake California, alitangaza kwamba kuna dhahabu karibu na Bathurst, New South Wales. Miezi michache baadaye Victoria nayo ikatangaza yake, Ballarat na Bendigo, na meli zikaanza kumiminika. Wazungu, Wamarekani, Wachina. Victoria iliwatoza Wachina walioshuka katika bandari zake kodi ya pauni 10 kwa kila kichwa, nao wakashukia Robe, bandari ya koloni la jirani, wakatembea mamia ya kilomita hadi machimboni. Mimi nikisikia watu wakisifu ushujaa wa wachimbaji wa enzi zile, hao ndio ninaowakumbuka kwanza.

Lakini kisa kitakachotupa jibu kiko magharibi mwa Australia, nyikani, kwenye udongo mwekundu. Mwaka 1892 dhahabu ilionekana Coolgardie. Juni 1893, watu watatu kutoka Ireland, Paddy Hannan, Tom Flanagan na Dan Shea, wakaiona mahali ambapo leo ni mji wa Kalgoorlie. Habari zikatoka, na ndani ya siku chache mamia ya watu walikuwa wamejazana pale.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na mto. Na mchimbaji bila maji ni shida tupu, kwa sababu dhahabu huoshwa: unatia mchanga kwenye karai, unazungusha na maji, mchanga unatoka, dhahabu inabaki chini. Kule watu waliyachemsha maji ya chumvi kutoka maziwa ya nyikani, wakaukusanya mvuke wake na kuuza maji yaliyopatikana kwa bei ya kuumiza. Nani angeoshea mchanga maji ya namna hiyo? Uchafu ulileta homa ya matumbo, nayo iliwaua wengi.

Basi wakapepeta. Naam, kama bibi anavyopepeta mchele kwa ungo! Walimimina udongo mkavu kutoka sinia la juu hadi la chini, upepo ukipeperusha vumbi na dhahabu ikianguka wima. Hapo ndipo lilipo jibu letu. Kupepeta hukamata vipande vinavyoonekana. Chembe nyepesi huruka na vumbi, na kipande kilichofungwa ndani ya bonge la udongo mgumu hutupwa pamoja na taka. Kisha uvumi wa mahali pengine unafika, na kambi nzima inahama kabla haijamaliza hapa. Haraka ile iliacha mengi ardhini.

Mizigo na maji vilibebwa na ngamia, wakiongozwa na watu kutoka Afghanistan, Punjab na Baluchistan. Huko wote waliitwa Waafghani tu. Wabaluchi mnawafahamu: jamaa zao wengine walikuja Mombasa na Unguja kuwa askari wa Sultani.

Wenyeji wa asili, Waaborijini, walijua kila kisima cha mwambani. Ujuzi huo uliwaponza. Msafiri David Carnegie, aliyelivuka jangwa la huko kuanzia mwaka 1896, aliwakamata baadhi yao na kuwalisha nyama ya chumvi ili kiu iwalazimishe kumwonyesha maji. Hayo hakusingiziwa, aliyaandika mwenyewe kitabuni.

Mwishowe mhandisi C. Y. O'Connor alibuni bomba la chuma la kilomita zipatazo 530, lenye vituo vinane vya kusukuma maji kutoka karibu na mji wa Perth hadi Kalgoorlie. Lilifunguliwa Januari 1903. Yeye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bomba hilo bado linapeleka maji.

Leo Kalgoorlie ina shimo la mgodi ambalo malori makubwa huonekana ndani yake kama sisimizi. Ila katika nyika inayouzunguka mji utakutana na watu wa aina nyingine kabisa: wastaafu, walimu walio likizo, familia zenye hema nyuma ya gari. Wanatafuta dhahabu kwa kujifurahisha. Wengine hawana chombo chochote, hutembea tu baada ya mvua wakiwa wameinamisha vichwa, kwa kuwa mvua huosha vumbi na dhahabu hung'aa. Wengi hubeba kigunduzi cha metali: duara la nyaya hutuma nguvu ya sumaku ardhini, metali ikijibu unasikia mlio masikioni. Mwaka 1980, karibu na Kingower, Victoria, chombo cha namna hiyo kililia juu ya donge la kilo 27.

Msianze kufunga mizigo. Mara nyingi kinacholia ni kizibo cha soda, msumari au risasi kuukuu, na udongo wenye chuma kingi hukidanganya chombo. Magharibi huko lazima pia uwe na kibali cha mchimbaji. Asili ya kibali hiki ni ghasia za Ballarat za mwaka 1854, wachimbaji walipojenga boma la Eureka kupinga leseni ya kila mwezi, wakashambuliwa na askari. Mwaka uliofuata leseni ikafutwa, kikaja kibali cha pauni moja kwa mwaka. Lakini hata ukiwa nacho, huruhusiwi kuchokoa penye matambiko ya Waaborijini wala kwenye eneo la mtu bila ruhusa. Gari likiharibika nyikani, kaa nalo. Kutoka angani gari huonekana kabla ya mtu. Na kila shimo ulilochimba ulifukie. Wale wa mwaka 1893 hawakufukia ya kwao, na mengine yamefunikwa na vichaka, kwa hiyo anayetembea pale na vifaa vyake masikioni hutazama kwanza anapokanyaga, ndipo asikilize.