Hamira Inayotengeneza Dawa ya Malaria

Dozi ya ALu, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24, humezwa kwa siku tatu. Nguvu yake kubwa inatokana na artemisinini, kemikali ya majani ya artemisia iliyogunduliwa na wanasayansi wa China chini ya Tu Youyou miaka ya 1970. Ugunduzi huo ulimpatia mama huyo Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tatizo ni shamba. Kutoka kupanda hadi kukamua dawa huchukua zaidi ya mwaka, na bei haitulii. Katikati ya miaka ya 2000 kilo moja ya artemisinini ilipita dola 1,000. Wakulima wengi wakaukimbilia mmea huo, wakiwemo wa Tanzania, Kenya na Uganda, soko likafurika na bei ikaporomoka.

Jay Keasling na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waligeukia hamira ya jamii ileile inayoumua mkate. Kwa kawaida seli ya hamira hula sukari na, pamoja na mengine, hujenga mafuta ya utando wake. Watafiti waliibana njia hiyo, wakapandikiza jeni za artemisia, na malighafi iliyokuwa iende kwenye utando ikawa asidi ya artemisini. Mwaka 2006 walitangaza kupata takribani miligramu 100 kwa lita. Kufikia 2013, baada ya kuongeza jeni nyingine za mmea huo, lita moja ilitoa gramu 25.

Asidi hiyo ilipozidi, iliganda kuwa fuwele nje ya seli. Watafiti wakatia mafuta ndani ya tangi la hamira ili asidi iyeyuke humo, kisha wakaikusanya. Hatua ya mwisho, kuigeuza kuwa artemisinini, hufanywa na wakemia kwa kutumia oksijeni na mwanga.

Kampuni ya Sanofi ilianza uzalishaji mkubwa mwaka 2013 huko Garessio, Italia, ikiahidi kuuza bila faida wala hasara. Kiwanda kiliweza kutosheleza karibu theluthi moja ya mahitaji ya dunia. Lakini artemisinini ya shambani ilishuka chini ya dola 250 kwa kilo, ile ya hamira ikabaki juu ya dola 350. Wanunuzi wakafuata bei nafuu, na kiwanda kikauzwa.

Sayansi haikushindwa. Insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria imekuwa ikiuzwa tangu 1982, na chanjo ya homa ya ini aina ya B hutoka kwenye hamira. Kilichokosekana kwa artemisinini ni mnunuzi aliye tayari kulipia uhakika. Serikali za Afrika, ambako malaria inaua zaidi kuliko kokote duniani, zinunue kwa pamoja kwa mikataba ya muda mrefu: sehemu kutoka kwa wakulima wao, sehemu kutoka kwenye matangi ya hamira, ili mavuno yakiharibika mgonjwa asikose dozi.