Kidonge cha mafuta ya samaki si kitoweo

Vidonge vya mafuta ya samaki huuzwa kwa sifa mbili: vinalinda moyo, na vinapunguza kitambi. Sifa ya pili haina haja ya kutuchelewesha. Mafuta ni mafuta, yatoke kwa samaki au kwa alizeti. Kila gramu huupa mwili kalori 9, na hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba kuyameza hupunguza uzito. Sifa ya kwanza ndiyo yenye historia, tena historia ya kisayansi.

Miaka ya 1970 watafiti wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walipima damu ya Wainuit wa Greenland, watu wa samaki na sili, wakaihusisha omega-3, aina ya mafuta iliyomo kwenye samaki, waliyoikuta humo na uchache wa magonjwa ya moyo ulioripotiwa kwao. Mwaka 1999 utafiti wa GISSI nchini Italia, uliohusisha watu zaidi ya 11,000 walionusurika shambulio la moyo, ulionyesha kuwa waliopewa gramu moja ya omega-3 kwa siku walikufa kwa uchache kidogo. Soko likachangamka. Ila wagonjwa wale walijua nani anameza na nani hamezi, na dawa za statini za kushusha lehemu zilikuwa bado hazijaenea. Kipimo kikali zaidi kilikuja mwaka 2018: VITAL ya Marekani, watu 25,871 kwa takriban miaka mitano, na ASCEND ya Uingereza, wagonjwa wa kisukari 15,480. Wengine walipewa kidonge halisi, wengine cha bandia, bila kujua. Kwa jumla ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya mishipa, tofauti ya maana haikuonekana.

Kwa nini samaki asifiwe na mafuta yake yashindwe? Nadhani jibu limo sahanini. Kitoweo kikiingia, kingine hutoka: aliyekula ugali kwa dagaa usiku huo hakula soseji wala nyama yenye mafuta. Kidonge hakiondoi chochote. Humezwa juu ya chipsi mayai zilezile. Isitoshe, dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo mlaji hupata protini na kalsiamu ambazo chupa haina.

Mtu atauliza, na ni swali la haki: je, walaji samaki si watu wanaojitunza kwa mengine pia, wasiovuta sigara na wanaofanya mazoezi? Katika nchi nyingi tajiri ndivyo ilivyo, na kwa sababu hiyo simwiti samaki dawa. Lakini pingamizi hilo linampunguzia muuza vidonge hoja kuliko linavyomsaidia. Pingamizi zito zaidi limo ndani ya VITAL yenyewe: waliokula samaki mara chache walionekana kunufaika na kidonge. Huo ni uchambuzi wa kundi dogo, si hukumu. Hata tukiukubali, unasema kwamba kidonge huziba pengo la asiyekula samaki, na pengo hilo lina njia nyingine ya kuzibwa.

Wengine hutaja utafiti wa REDUCE-IT, ambamo gramu 4 za dawa ya omega-3 iliyosafishwa zilipunguza hatari kwa robo. Ile ni dawa ya kuandikiwa na daktari, kwa watu wenye trigliseridi (mafuta ya damuni) nyingi ambao tayari wanatumia statini. Kundi la kulinganisha lilipewa mafuta ya madini, na wapo wataalamu wanaoshuku kwamba yaliwadhuru. STRENGTH ya mwaka 2020, iliyotumia dozi kama hiyo ya mchanganyiko tofauti na mafuta ya mahindi kwa kundi la pili, haikuona faida. Katika tafiti zote mbili, waliopata omega-3 walipatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi. Kwa hiyo ile kauli ya “hata kisiposaidia hakidhuru” nayo haisimami.

Chama cha Moyo cha Marekani hushauri samaki mara mbili kwa wiki. Kwa dagaa wa Mwanza au Kigoma, omena kwa Wakenya, hilo ni kipimo cha nyumba nyingi. Shida ni chumvi na kikaango. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, karibu kijiko kimoja cha chai, na dagaa wengine hukaushwa kwa chumvi. Waloweke, mwaga maji, kisha wapike kwa nyanya na kitunguu bila kuwazamisha kwenye mafuta.